Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa la Komunyo ya Kwanza

Saa 12:30 asubuhi. Nafika kabla ya watoto. Nafungua madirisha, naketi kwenye dawati la mbele, nawataja wanafunzi wangu kwa Mungu mmoja mmoja kwa mpangilio wanavyoketi. Ambaye najua nyumbani kwao kuna shida, namtaja mara mbili.

Saa 1:15. Mstarini. Ishara ya msalaba, sala, matangazo. Watoto wasio Wakatoliki husimama pamoja nasi. Halazimishwi mtu kutamka asichokiamini, na hapo sikubali mzaha.

Saa 2:00. Kisanduku cha michango cha Utoto Mtakatifu, shirika la watoto la Kikatoliki, hakipo kwenye rafu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, kwa wazo jepesi kabisa: mtoto amsaidie mtoto mwenzake, kwa sala na kwa kile kidogo alichojinyima. Wanangu wamejinyima kwa wiki nyingi. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa mvulana ambaye siku za nyuma aliwahi kuchukua kalamu ya mwenzake.

"Umekipeleka wapi?"

Sikumwuliza kama amekichukua. Nilimwuliza amekipeleka wapi, mbele ya darasa zima. Akasema, "Sijui, mwalimu," akainamisha kichwa, na kipindi chote cha hesabu hakukiinua.

Saa 4:00. Mapumziko. Ofisini, mwalimu aliyekuwa wa zamu jana ananiambia alikifungia kisanduku kabatini jioni, kwa usalama. Nilihisi miguu imeniishia nguvu. Mwenzangu mmoja akanishauri nimwite mtoto pembeni, yaishe kimyakimya. Alisema kwa nia njema, lakini jina la yule mtoto sikulichafulia pembeni.

Saa 4:30. Kipindi cha dini. Tangu mwaka 1910, Papa Pius wa Kumi alipoamua kwamba mtoto wa umri wa kama miaka saba aweza kupokea Komunyo, kazi yetu imekuwa kuwaandaa wadogo hawa waungame kwa kuelewa, si kwa kukariri. Leo tulikuwa kwenye sala ya Nakuungamia, ambayo kwayo tunakiri dhambi kwa Mungu na kwa wenzetu. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, kama Mungu ndiye anayesamehe, kwa nini tunasema 'nanyi ndugu zangu'?"

Jibu lilikuwepo kwenye daftari langu la maandalio. Nikaweka chaki mezani, nikaenda kusimama mbele ya dawati la yule mvulana. Nikasema kisanduku kimeonekana, hakuna aliyekiiba, na asubuhi mimi nilimdhania vibaya nyinyi nyote mkisikia. "Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Darasa likawa kimya. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nimekusamehe, mwalimu." Kisha, kwa wasiwasi wa kweli: "Na pesa zetu zimo?"

Zilikuwamo. Alikwenda kukichukua yeye mwenyewe.

Saa 6:00. Kengele ya Malaika wa Bwana, sala ya adhuhuri. Shule nzima husimama ilipo, hata mwenye mpira mkononi.

Mchana ulipita na kusoma, kusahihisha, na mazoezi ya kwaya.

Saa 9:30. Mama wa yule mvulana akaja kumchukua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu malezi, unawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu. Kwa hiyo nikaona si haki asikie habari hii kwa mwingine. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Alinyamaza kidogo, mkono wake begani kwa mwanawe.

"Aliwahi kukosa, mwalimu, na tulimwadhibu. Lakini yale yalikwisha."

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyeyafufua."

"Asante kwa kuniambia wewe mwenyewe."

Saa 10:45 jioni. Nafunga madirisha. Orodha ya zamu ukutani inaonyesha kesho kisanduku kinapitishwa na mvulana yule. Imebandikwa hapo tangu mwanzo wa muhula, nami nimeiacha ilivyo.