Shemeji wa Luton alisema hatutaweza: Uskoti na kaskazini mwa Uingereza kwa gari dogo

Shemeji yangu wa Luton ameishi Uingereza zaidi ya miaka ishirini, na kaskazini kabisa alikowahi kufika ni Birmingham, tena harusini. Huyo ndiye aliyejiteua mshauri wetu. Aliposikia mimi na Baba Salma tunataka kukodi gari tuizunguke Uskoti kisha tuteremke kaskazini mwa Uingereza, hakungoja kuche. Alipiga simu usiku uleule: barabara za huko hazipitiki, mvua haikatiki, kondoo wamelala njiani, leseni ya Kenya hawaitambui, na kwani ataendesha nani? Baba Salma akamwambia, "Mama Salma." Kimya. Kisha: "Kaka, chukueni basi la watalii."

Wale kondoo ni kweli. Hayo mengine tumuachie mwenyewe.

Leseni ya Kenya inamtosha mgeni. Sheria inampa hadi miezi 12. Magari hupita kushoto kama kwetu, na mimi nimejifunza udereva Mwembe Tayari, baina ya matatu, tuktuk na mikokoteni ya maji, kwa hiyo raundabauti za Waskoti, ambako kila mtu anangoja zamu yake, zilinipa usingizi. Cha kuzoea ni maili tu. Barabara ya kawaida nje ya mji mwisho wake ni maili 60, karibu kilomita 97 kwa saa, na sheria hiyo inashika hata kwenye kinjia ambacho ukienda 30 moyo unakudunda. Ni ruhusa, si amri. Nilimweleza hivyo Baba Salma kila siku, maana yeye asiyeendesha ndiye aliyekuwa akinisomea vibao kwa sauti.

Shemeji alitaka tukodi gari kubwa, "la heshima", halafu tuliache London. Nikakataa yote mawili. Ukichukua gari mji mmoja ukalirudisha mji mwingine wanakutoza zaidi, basi nikachora duara: tunaanzia Edinburgh, tunamalizia Edinburgh. Na nikachagua gari dogo kuliko yote waliyokuwa nayo, masanduku mawili likajaa. Bima ya ziada, ile ya kukukinga usilipe mikwaruzo, nilikuwa nimeinunua mapema mtandaoni kwa bei kama thuluthi ya ile wanayokupigia debe kaunta. Kijana wa kaunta alinibembeleza mpaka nikamuonea huruma. Amana wanaizuia kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, kwa hiyo waume mliozoea kulipia kila kitu kwa kadi zenu, huko jina ni la anayeshika usukani.

Ya Edinburgh sitayaeleza. Kasri liko juu ya mwamba wa volkano, utaliona tu. Tuliondoka asubuhi kuelekea magharibi, tukapita Callander hadi Glencoe, bonde ambalo mwaka 1692 askari waliokuwa wamekaribishwa kama wageni waliwaua wenyeji wao wa ukoo wa MacDonald. Milima pale inakuinamia pande zote mbili. Baba Salma, ambaye hanyamazi, alinyamaza karibu nusu saa. Glenfinnan, penye lile daraja la reli la matao 21, tulikuta maegesho yamejaa kama uwanja wa Maulidi Lamu, tukaliangalia kwa mbali tukaendelea. Kufika kisiwa cha Skye hakuna kivuko cha kungoja, lipo daraja tangu 1995, na kulipia walishafuta.

Skye ndiko nilikogundua siri ya safari nzima, na niliigundua kwa kushindwa.

Kila mtu anakwambia uende Old Man of Storr, nguzo ya mwamba ya mita hamsini hivi iliyosimama peke yake mlimani. Tulifika kabla ya adhuhuri kama watu wenye akili timamu. Maegesho yamejaa, magari yanazunguka kama tai. Tukapata nafasi kwa bahati, tukalipa, tukapanda. Nusu ya njia ukungu ukashuka. Nguzo hatukuiona. Mita hamsini za mwamba, nami sikuuona hata ukucha wake! Kisha upepo ukatulia na visubi wakatoka. Mimi ni mtu wa pwani, mbu nawajua kwa majina, lakini visubi wa Uskoti ni kiumbe kingine: wadogo hata huwaoni mmojammoja, na wanakuja kama wingu kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba. Wanaingia ndani ya ushungi. Baba Salma alikuwa akijipiga makofi usoni mwenyewe, na Wajerumani wawili waliokuwa wakishuka walidhani tumegombana. Tukarudi garini tukiwa tumeshindwa vibaya.

Jioni tukala, tukasali. Saa tatu usiku ndipo nilipotazama dirishani nikaona jua bado lipo. Ilikuwa Juni, na huko juu Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, hata likishazama giza lenyewe haliji kikamilifu. Nikamwambia Baba Salma avae viatu. Alikataa. Nikamwambia basi anipe simu nipige picha peke yangu. Akavaa. Tulifika Storr, maegesho magari matatu, upepo unavuma wa kutosha (visubi hawaruki kwenye upepo, hilo likariri), na nguzo imesimama kwenye mwanga wa dhahabu na bahari chini yake. Tulikuwa sisi na kondoo. Tangu siku hiyo tulilala mchana kama wavuvi, na kila mahali penye jina kubwa tukapaendea baada ya chakula cha jioni. Hila hiyo peke yake ilitupa Uskoti ambayo watu wa basi la shemeji hawaioni, maana saa ile wao wako hotelini wanapanga foleni ya supu. Isha tulijumuisha na Magharibi, sisi ni wasafiri. Ukingoja giza huko utangoja.

Njia nyembamba. Ni kweli sehemu nyingi za Skye barabara ni ya gari moja kwenda na kurudi, ila kila baada ya hatua kadhaa pametanuliwa mahali pa kupishana na pana kibao. Kikiwa upande wako unaingia. Kikiwa upande wa pili unasimama palepale mkabala nacho, huvuki. Mtu akikupisha unainua mkono. Mwenyeji akikufuata nyuma ana haraka, mpishe, yeye anakwenda kazini. Na msiegeshe hapo mkapiga picha, wenyeji wanachukia mno, na wana haki. Petroli jaza ikifika nusu, vituo viko mbalimbali. Pampu za kujihudumia hasa kwenye masupamaketi zinaweza kushikilia kama pauni mia kwenye kadi yako hata ukitia za thelathini, kisha zinaachiliwa. Baba Salma alitaka kuita polisi.

Ziwa la Loch Ness tulipita, refu sana, jeusi, lile dude linalosemwa limo hatukuliona. Culloden, uwanja wa vita vya Aprili 1746, tulisimama saa nzima kwa ajili ya Baba Salma anayependa makaburi ya kihistoria. Na kwa ajili yake tena, tukishuka kusini, tuligeuza Blantyre karibu na Glasgow, mahali alipozaliwa Livingstone mwaka 1813. Kwenye maegesho alinihubiria kuhusu Chuma na Susi, waliobeba maiti yake kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, kwamba hiyo ndiyo safari, na sisi tunalalamikia kiti cha gari. Mimi sikuwa nimelalamika. Mgongo ulikuwa wake.

Chakula kidogo, maana nimeulizwa sana. Tulipanga nyumba zenye jiko, nikapika. Samaki na chipsi wanauza kila mji, lakini ukishaingia kaskazini mwa Uingereza uliza kwanza mafuta yao: maduka mengi huko hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hajachinjwa utakavyo wewe. Wakiulizwa wanajibu bila kuudhika.

Sasa Hardknott. Nyinyi mnaotumia ramani ya simu mkiwa Ambleside, kwenye eneo la maziwa na milima liitwalo Lake District kaskazini mwa Uingereza, mkitaka kwenda bonde la Eskdale, simu inaweza kuwaonyesha njia fupi kwa utulivu kabisa. Njia hiyo inapita Wrynose halafu Hardknott, ambako mwinuko unafika moja kwa tatu, yaani ukienda mita tatu umepanda moja. Lami ni ya upana wa gari moja, inajikunja kama utumbo, na ukiwa kwenye kona hauoni barabara, unaona boneti na mawingu. Kibao kipo cha kukuonya. Baba Salma alikisoma kwa sauti, mara mbili.

Niko gia ya kwanza, napanda, naye amekamata mpini wa juu ya mlango, na mbele yetu likatokea gari likishuka. Kubwa. La heshima. Kwa kawaida anayeshuka humpisha anayepanda, lakini yule bwana alikuwa ameganda. Ukiangalia uso wake ungedhani amepandishwa kwenye mnazi hajui kushuka. Akainua mikono kunionyesha kuwa hawezi kurudi nyuma. Baba Salma akasema atashuka "anielekeze". Alishuka, akasimama pembeni kwenye majani, na kutoka kwenye midomo yake niliona kuwa hakuwa akinielekeza mimi bali akisoma Ayatul Kursi. Haya. Mimi nimeolewa Mji wa Kale, Mombasa, ambako ukiingiza gari kichochoroni utatoka nalo kinyumenyume katikati ya mabaraza, wazee wa kahawa wakikuhesabia vidole. Nikatazama vioo, nikaliteremsha polepole, kona moja, kona ya pili, mpaka kwenye nafasi. Yule bwana akapita akiwa amekunja vioo vyake. Mke wake alinipigia makofi kupitia dirishani. Gari la shemeji lingekwama hapo hadi leo.

Upande wa pili, kabla ya kufika chini, yako magofu ya ngome ya Warumi, na mandhari ambayo askari wale kutoka Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, lazima waliyalaani kila wakati wa baridi. Mnaposhuka bakini gia ndogo, msikalie breki mpaka zikanuka.

Kwa Warumi Baba Salma alikuwa amepata ugonjwa mpya. Tukaenda Burgh by Sands, kijiji karibu na Carlisle kwenye njia ya ukuta wa Hadrian, ulioanza kujengwa mwaka 122 ukakata nchi maili 73 kutoka bahari hadi bahari. Karne ya tatu pale palilindwa na kikosi cha Wamauri, watu wa Afrika ya kaskazini. Kuna kijiji kimya, kanisa lililojengwa kwa mawe ya ngome, na Baba Salma anayetaka kupigwa picha kama jamaa aliyekuja kudai shamba. Ukuta wenyewe uangalieni Housesteads, ndiko ulikosimama vizuri.

Mwisho Lindisfarne, na hapa nijisifu bila haya.

Ni kisiwa upande wa mashariki, pwani ya Northumberland. Unakwenda kwa gari juu ya barabara iliyolazwa mchangani, na mara mbili kila siku bahari inaifunika. Kila mwaka wako wanaojidai kuwahi wakaacha magari majini. Kimejengwa hata kibanda juu ya nguzo cha kuwakimbilia. Shemeji alinitumia picha ya gari lililozama, bila maneno. Sasa, kumtishia mtu wa pwani kwa maji kujaa na kupwa! Bibi yangu alikuwa akitazama mwezi tu anakwambia lini mwamba unatoka. Nilihesabu: mwezi tatu, bamvua. Maji yatajaa sana, na yatakitenga kisiwa saa nyingi. Kisha nikafungua jedwali la saa salama la baraza la kaunti, kwa sababu bibi hakuwahi kuvua Northumberland, na ikawa vilevile: barabara inafungwa karibu na adhuhuri, inafunguka jioni.

Watu wengi hulisoma jedwali ili watoke kabla barabara haijafungwa. Sisi tuliingia kabla haijafungwa, na chupa ya chai ya tangawizi na mkeka. Saa sita hivi wageni wakaanza kukimbilia magari yao, na baada ya hapo kijiji kikabaki cha wenyewe na sisi wachache. Magofu ya kanisa, mahali ambapo Aidan alianzisha nyumba ya watawa mwaka 635 na Waviking wakaivamia 793, tuliyazunguka bila kusukumana na mtu. Sili walikuwa wakiimba kwenye fungu la mchanga, sauti kama ya watoto wanaoigiza mzimu. Tukalala mkekani. Maji yalipopwa tukangoja saa ya jedwali ifike kamili, tukavuka taratibu na chumvi ikinuka madirishani, na mwanga ulikuwa bado mwingi wa kutufikisha Edinburgh.

Siku ya kurudisha gari kijana alilizunguka na tochi akaonyesha mkwaruzo kwenye mlango. Nikamfungulia video niliyoipiga siku ya kwanza, mkwaruzo uleule, sauti ya mwenzake ikisikika nyuma. Amana ikarudi.

Tulibaki na noti za Uskoti, zile zinazotolewa na benki za huko. Ni pauni halali kwa thamani, lakini ukivuka kwenda kusini wenye maduka wanazigeuzageuza kama wamepewa majani ya mhogo, wengine wanakataa kabisa. Zitumieni hukohuko. Mimi nilikuwa nadaiwa na shemeji pauni themanini na kitu za tiketi za treni. Nikamlipa nazo zote, mkono kwa mkono, Luton, nikamshukuru kwa ushauri.