Krenki iliyokatikia kona ya 41

Dereva alinipigia saa nne asubuhi, mwezi Novemba, nikiwa dukani kwangu Uyole, Mbeya. "Mama, gari limetetemeka mara moja, likapiga kelele kama nondo imeangushwa kwenye lami. Nimezima." Alikuwa anapanda Matamba kutokea Chimala, ile barabara ya kona 57, na mifuko 20 ya mbolea nyuma, tani moja kamili. Huwa anazihesabu kona kila akipanda, na siku hiyo alikuwa ya 41. Nikamuuliza mshale wa oili ulikuwa wapi. "Katikati, mama. Haukushuka hata kidogo." Nikakaa chini. Kama oili ilikuwepo, basi kilichovunjika ni kitu kingine, na zile hela za mwezi Machi nilikuwa nimezitupa.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, injini ya 1HZ: silinda sita za mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo. Nalitegemea kupeleka pembejeo Kikondo, Kitulo na Matamba, na kushusha mbegu za viazi. Injini hii inavumilia mengi, ndiyo maana unaiona kila kona ya milima yetu, lakini uvumilivu wake hauna maana kama krenki imeumizwa. Vitabuni wanaiita fitokombo. Ndicho kile chuma kirefu kilichopindapinda chini ya injini, kinachopokea pigo la kila pistoni na kuligeuza kuwa mzunguko. Kwenye 1HZ kimelala juu ya beringi saba za meni, zile zinazokishikilia kwenye bloku, na konrodi sita, fimbo zinazokiunganisha na pistoni, zimekishika. Sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi mimi naziita shingo. Kati ya shingo na beringi kuna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita, na hapo ndipo oili inapopita.

Machi tulipoteza oili tukitoka Isyonje. Mpira wa filta ulikaa vibaya, oili ikavuja njiani, na dereva niliyekuwa naye wakati huo hakuutazama mshale mpaka injini ikaanza kunoki. Beringi ya konrodi ya tano ilikuwa imeliwa na shingo yake imechanika. Gereji moja ya mjini ikanishauri nichongeshe krenki, na ushauri wenyewe ulikuwa sahihi. Shingo ikichanika inachongwa kidogo, kisha unafunga beringi nene zaidi kufidia kilichoondolewa. Walichonga shingo zote sita za konrodi kwa nusu milimita. Kuchonga, beringi, gasketi, oili na ufundi vilifika shilingi 1,280,000. Injini iliyotumika nilikuwa nimetajiwa milioni 11, kwa hiyo nililipa kwa moyo mweupe.

Miezi minane, basi.

Safari hii nilivuta gari mpaka Soweto ya hapa Mbeya, kwa mzee mmoja ambaye amefungua injini za dizeli tangu mimi nasoma shule ya msingi. Niliomba nikae wakati anashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Krenki ilitoka vipande viwili, imekatikia pale shingo ya konrodi ya tano inapoungana na shavu lake, kile chuma kipana kinachounganisha shingo moja na nyingine. Akaifuta kwa dizeli, akawasha tochi, akaniita nisogee. "Tazama, mwanangu. Hii haikukatika juzi." Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini na nyeusi, ina mistari iliyopangana kama miaka ya mti ulioangushwa. Pembeni tu palikuwa na kipande kidogo kinachong'aa, kimeparuzika. Mistari ile ni ufa ulivyokuwa unatembea, kidogo kidogo, kila gari lilipobeba mzigo mlimani. Kile kipande kinachong'aa ndicho pekee kilichokatika siku ya kona ya 41.

Kisha akachukua kidole changu, akakiweka pale shingo inapokutana na shavu. Kilikwama kwenye pembe kali kama ya boksi. Akakihamishia kwenye shingo ya meni, ambayo Machi haikuguswa na jiwe la kuchongea. Pale kidole kiliteleza, maana kiwanda huacha upinde mdogo wa mviringo kwenye kila kona ya namna hiyo. Anayechonga anatakiwa kulinoa jiwe lake ukingoni ili upinde ule ubaki. Akiharakisha na jiwe la ukingo mkali, kipimo cha shingo kitatoka sahihi kabisa, mikromita itakubali, na kona itakuwa imekatwa. Muwa ukiuchanja kwa kisu kisha ukaupinda, unavunjikia pale pale kwenye mchanjo. Chuma nacho ni hivyo hivyo.

Nilibaki nimeishika ile krenki muda mrefu. Ushahidi wote ulikuwa kwenye chuma kimoja, kona nzuri na kona mbaya zimeachana sentimita chache, na Machi sikujua kwamba kuna kitu cha kugusa.

Mzee hakuishia hapo. Akaleta puli ya mbele ya krenki akaniambia niubonyeze mpira wake. Puli ile ni vyuma viwili vilivyounganishwa na mpira, na kazi ya mpira ni kunyonya mtetemo, kwa sababu krenki ndefu ya silinda sita hujisokota na kujiachia kwa kila mlipuko. Mpira wangu ulikuwa mkavu, una nyufa pande zote. Kona kali ilianzisha ufa, na puli iliyochoka ikausukuma.

Tulijadili krenki iliyotumika. Ananunua wakati mwingine, lakini kwanza huining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Aliyoipata Mwanjelwa haikumridhisha, ikabidi niagize mpya Dar es Salaam: 1,650,000. Beringi za saizi ya kiwandani 280,000, puli 420,000, gasketi 180,000, mkanda wa taimingi na tensheni yake 210,000, bolti mpya za konrodi 120,000. Oili nilinunua mara mbili, ya kusuuzia na ya kutembelea, 270,000. Ufundi 700,000, kuvuta gari 350,000. Jumla 4,180,000. Ukiongeza zile za Machi unakaribia milioni tano na nusu kwa krenki moja.

Na hapo sijahesabu lori nililokodi siku ile ile kuichukua mbolea pale konani. Mvua zilikuwa zimeshaanza Matamba, watu wamechimba mashimo wanasubiri. Ningeweza kukopa ya gari. Msimu wa mtu mwingine nisingeweza kuurudisha.

Gari lilikaa siku 23, na sikumharakisha mzee hata mara moja. Alifungua kipoza oili akakisafisha, akapuliza kila tundu la oili ndani ya bloku, kwa sababu vumbi la chuma likibaki humo litaila hata krenki mpya. Krenki yenyewe, ingawa imetoka kwenye karatasi yake ya grisi, aliipima shingo moja moja. Kwenye kila beringi alilaza uzi mwembamba wa plastiki, akakaza, akafungua, akapima ulivyobanwa ili aijue nafasi ya oili. Alipomaliza nilimwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, naye akanituma nirudi baada ya kilomita 500 tu.

Nilirudi. Aliikata filta kwa msumeno wa chuma, tukaikunjua karatasi yake kwenye sinia nyeupe juani. Palikuwa na chembe tatu au nne ndogo za mng'ao, basi. Akasema ni za vyuma vipya kuzoeana. Tukaweka filta mpya, na sasa dereva ana daftari anamoandika usomaji wa mshale akiwa Chimala, akifika katikati ya mlima, na akiwa juu.

Vipande viwili vya krenki ya zamani viko dukani kwangu, chini ya kaunta. Kama uko Mbeya na unataka kuchongesha ya kwako, pita Uyole kwanza, uguse kona zote mbili kwa kidole. Halafu nenda kwa fundi wako, na kabla hujalipa, gusa na za kwako.