Viza ya mume, nikiwa tayari Dubai

Shoga zangu, leo nimeshika Emirates ID, kitambulisho cha mkaazi wa huku! Nilikuja kwa viza ya matembezi ya siku 60, nikidhani kuhamia kwenye viza ya mume (ya ukaazi, yeye ndiye mdhamini) ni kujaza fomu tu. Mshahara wa baba watoto ulitosha: wanataka dirham 4,000, au 3,000 na nyumba. Balaa likawa cheti cha ndoa. Nilikuwa nimekipiga laminesheni kwa mbwembwe, sasa mihuri ya kukithibitisha ingekaa wapi? Wifi yangu Dar akahangaikia kingine RITA, wakala wa usajili, akakipitisha Mambo ya Nje na ubalozi wa Emirati, kisha huku kikagongwa tena na kutafsiriwa Kiarabu. Mimi nahesabu siku kama mfungwa, maana ukizidisha siku za viza, faini ni dirham 50 kila siku.

Uzuri, sikulazimika kutoka nje ya nchi. Kibali kilipotoka tulilipia kubadilisha viza humuhumu, nikapimwa damu na eksirei ya kifua (nimevuliwa mpaka pini za ushungi!), nikachukuliwa alama za vidole.

Picha ya kadi nimetoka kama nimefiwa. Sijali, pilau liko jikoni.