Asilimia 99 haitoshi: tulivyoenda Vincennes kuona jua likipatwa

Jamani tangu niweke status zile picha za jua lilivyopatwa Aprili 8, 2024 watu hawaishi kuniuliza, na wengi swali lao ni lile lile, si mnakaa Louisville, Kentucky huko Marekani, na hapo hapo kwenu jua lilifunikwa asilimia 99, sasa mlihangaika mpaka Indiana kufuata nini, hiyo asilimia 1? Ngoja nijibu kwa kirefu hapa maana kwenye simu nimeeleza mpaka sauti imekauka, na kusema ukweli hili ni jambo natamani kila mtu wangu alione kabla hajaondoka duniani.

Hiyo asilimia 1 ndo kila kitu.

Jua linang'aa kama mara laki 4 kuliko mwezi mpevu. Sasa piga hesabu, ukibakiza asilimia 1 tu ya jua bado una mwanga wa miezi mipevu kama 4,000 kwa mpigo. Ndo maana shemeji aliyebaki Louisville alituma voice note akisema "mbona ni mchana tu, kama kawingu kamepita," na hakukosea, kwake ulikuwa mchana kweli. Giza haliji kidogo kidogo kadiri jua linavyofunikwa. Linakuja lote mwishoni, ndani ya sekunde chache, na ukiwa nje ya njia ya kivuli cha mwezi hulipati hata kama umekaa kilomita moja tu pembeni.

Mimi ni mtu wa Mbeya na ile ya Rujewa ya Septemba 1, 2016 nilikuwepo, tulijazana pale na miwani yetu maalum ya kuangalia jua, tukaona pete ya moto inazunguka mwezi, na bado naiona ni moja ya siku nzuri za maisha yangu. Ila ile ilikuwa ya pete. Mwezi siku zile ulikuwa mbali kidogo na dunia kwa hiyo ukaonekana mdogo, haukutosha kuliziba jua lote, miwani huvui hata dakika moja na anga inabaki anga ya mchana. Aprili 8, 2024 mwezi ulikuwa karibu, siku moja tu tangu ufike pale unapotukaribia zaidi katika mzunguko wake, kwa hiyo ulitosha kuziba na chenji ikabaki. Yaani jua ni pana kama mara 400 kuliko mwezi na pia liko mbali kama mara 400, basi ukiangalia kutoka huku chini vinalingana. Hakuna aliyetupangia hivyo kwa mkataba, tumebahatika tu kuishi kwenye dunia yenye mwezi wa saizi hiyo.

Sasa safari yenyewe. Tulikuwa van moja, watu kumi na wawili, na mwongozaji wetu alikuwa mzee mmoja Mmarekani, mwalimu wa fizikia mstaafu, ambaye 2017 aliiona ile iliyopita Hopkinsville hapa hapa Kentucky na tangu hapo hana habari nyingine. Sisi wote tulimwita Babu na alipenda. Kwenye gari kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu na wanawe, dada Mkenya nesi aliyetoka shifti ya usiku akaunganisha moja kwa moja, familia ya Kizanzibari, na wengine wa mtaani. Hela tuliyochanga ilikuwa ya mafuta, miwani, chakula na sehemu ya kupaki kwenye shamba la mtu, basi.

Nikisema mwongozaji msifikirie mtu wa kushika bendera na kuhesabu vichwa. Kazi yake kubwa ilikuwa mawingu. Kwa kawaida Texas ndo ilitegemewa kuwa na anga safi kuliko huku juu, watu walishalipia hoteli miezi mingi kabla, halafu wiki yenyewe utabiri ukageuka, Texas mawingu na Indiana kunafunguka. Babu alikuwa na sehemu mbili kichwani, Bloomington na Vincennes, zote zinapata kama dakika 4 za giza, akakataa kutuambia tunaenda ipi mpaka Jumapili usiku. Watu wakaanza kunung'unika kwenye grupu la WhatsApp, yeye akajibu kwa upole kwamba anayetaka uhakika wa sehemu aende peke yake, anayetaka uhakika wa kuona asubiri. Nilimheshimu pale pale.

Tukaondoka Jumatatu kabla hakujapambazuka, Wazanzibari wameshakula daku lao maana ilikuwa Ramadhani, mwezi 29. Hii mtaona kwa nini naitaja.

Vincennes ni mji mdogo wa zamani uko kando ya mto Wabash. Shamba tulilopaki lilikuwa wazi pande zote na Babu alisisitiza hilo, hakutaka mti wala jengo upande wa kusini magharibi kwa sababu kivuli kingetokea huko. Kulikuwa na mawingu mepesi sana ya juu, ya kuona jua bila shida. Akatugawia kazi. Alisema dakika 4 zinaisha kabla hujafunga mdomo, kwa hiyo kila mtu anakuwa na kitu kimoja cha kuangalia kwa niaba ya wengine halafu baadaye tunasimuliana. Mmoja sayari, mmoja ndege na wadudu, mmoja upeo wa macho, watoto wakapewa shuka jeupe walitandike chini kutafuta yale mawimbi ya kivuli yanayopita sekunde za mwisho. Na simu mfukoni. Yeye ndo alikuwa na kamera kwenye stendi inajipiga yenyewe, picha mlizoziona ni za kamera yake.

Kabla ya saa nane jua likaanza kumegwa upande wa chini kulia. Hapo ni saa nzima na zaidi ya kusubiri, na Babu akatoa chujio la jikoni akalishika juu ya shuka, kila tundu likatoa kijua chake chenye pembe kama mwezi mchanga, vijua kibao vimejaa kwenye shuka. Yule mtoto wa mwisho wa mama wa Bukavu alikuwa anajaribu kuviokota.

Baba wa Kizanzibari na mkewe wakatandika misala wakaswali swala ya kupatwa kwa jua, rakaa mbili ndefu, kila rakaa rukuu mbili, wale Waislamu mnajua. Baada ya hapo akatueleza kwa sauti ya chini kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba, naye akawakatalia, jua na mwezi havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu yeyote. Dada nesi ni Mkatoliki na alikaa kusikiliza mpaka mwisho.

Ilipobaki kama robo saa mwanga ukaharibika. Siwezi kusema ukawa hafifu tu, rangi zenyewe zilibadilika, nyasi zikawa na kijivu cha bati, vivuli vyetu vikawa na makali upande mmoja, na baridi ikaingia watu wakachukua majaketi. Binti wa Kizanzibari, wa miaka kama tisa hivi, ambaye siku hiyo alifunga mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, akamvuta baba yake mkono.

"Baba, si giza linaingia, tufuturu?"

"Bado mwanangu, magharibi haijaingia. Jua lipo, limefichwa tu."

Halafu kivuli. Nilikuwa nimepewa upeo wa macho kwa hiyo nilikuwa naangalia kusini magharibi, na nikaona giza linakuja kwenye anga kama mvua kubwa inayoshuka milimani, ila haina sauti na inakimbia zaidi ya kilomita 2,500 kwa saa. Watoto wakapiga kelele kwenye shuka, "yanapita, yanapita!" Sikuwahi kugeuka kuyaona. Babu akapaza sauti, "Miwani vueni! Vueni sasa!"

Ilikuwa saa tisa na dakika chache alasiri. Nikainua macho, na pale jua linapokaaga kulikuwa na duara jeusi, jeusi ti, na kulizunguka kuna nywele nyeupe za mwanga zimetawanyika kila upande. Hiyo ni anga ya nje ya jua, ipo pale kila siku ya Mungu na ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja wakati uso wenyewe wa jua ni kama 5,500, ila hatuioni kwa sababu jua linaizidi mwanga. Mwaka ule jua lilikuwa kwenye kipindi chake cha vurugu ndo maana miale ilitoka pande zote. Na chini kabisa ukingoni kulikuwa na kidoa cha waridi kali, ulimi wa gesi ya moto umetoka nje ya jua, tunauona kwa macho matupu tumesimama kwenye shamba la mahindi Indiana! Zuhura iking'aa chini kulia, Mshtarii juu kushoto. Upeo wa macho wote, mzunguko mzima, rangi ya machungwa ya magharibi.

Mama wa Bukavu alikuwa anasema tu "Mungu wangu, jua iko inaisha, Mungu wangu," huku machozi yanamtoka na anacheka. Aliyepewa ndege alisema walinyamaza ghafla na vyura wa upande wa mtoni ndo wakaanza. Mimi nililia pia, na sikulia kwa hofu. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba nimesimama juu ya kitu kinachozunguka, na kile kule juu nacho kinazunguka, na vimekutana.

Kisha tone moja la mwanga likachomoza ukingoni, ile wanayoiita pete ya almasi, na mchana ukarudi kama umewashwa swichi. Asilimia 1. Hiyo hiyo mnayoniuliza.

Kurudi ilikuwa foleni ya kufa mtu. Babu alitukalisha shambani tule kwanza na kila mtu asimulie alichopewa kuangalia, na bado njiani magari yalisimama, jua likazama kweli tuko barabarani, wenye funga wakafuturu ndani ya van kwa tende na maji, tende zikazunguka kwa wote.

Sasa nyie mlioko nyumbani, Agosti 2, 2027 kivuli kinapita Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, kinavuka mpaka Jeddah na Makka, Yemen, na kinagusa ncha ya Somalia. Luxor watapata zaidi ya dakika 6, na mawingu ya Agosti kule ni nadra sana, shida ni joto. Toka Dar au Nairobi siyo mbali kihivyo. Mtafute kundi dogo na kabla hamjatoa hela muulizeni mwongozaji maswali haya: tutasimama sehemu gani hasa na giza pale ni dakika ngapi, sehemu ya kukaa kusubiri bila kuchomwa na jua iko wapi na maji ni kiasi gani kwa kila mtu, miwani ina alama ya usalama ya ISO 12312-2 au ni ya mtaani, na wewe mwenyewe umewahi kusimama ndani ya giza lile? Akikwambia "hata ukiwa Kairo ni asilimia tisini na kitu, utaona vizuri tu," huyo usimpe hela yako.