Wakili aliyekataa mshahara wa nusunusu

Marehemu babu yangu alikuwa akinywa kahawa chungu barazani, hapa Mji wa Kale, na jina alilolitaja kwa heshima kuliko yote halikuwa la mtu wa Pwani. Lilikuwa la Argwings-Kodhek, mwana wa Gem, kule Nyanza.

Nilidhani ni barabara tu ya Nairobi. Babu akanirekebisha: "Huyo, mwanangu, ndiye wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya hii."

Alirudi kutoka Uingereza na shahada yake ya sheria. Serikali ya mkoloni ikampa kazi, lakini kwa mshahara ulio chini ya wa Mzungu. Akakataa. Hapo ndipo ninapompenda. Akafungua ofisi yake mwenyewe, akasimama kortini kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau, wakati mshtakiwa akikutwa na risasi tu aliweza kunyongwa.

Siasa haikumwendea rahisi. Mwaka 1955, vyama vya nchi nzima vikiwa marufuku, aliunda chama cha Waafrika wa Nairobi. Mwaka 1957 akashindwa kura na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Uhuru ulipokuja 1963 aliingia bungeni, kisha akawa waziri.

Tarehe 29 Januari 1969 akafa katika ajali ya gari, Nairobi. Mboya akauawa kwa risasi Julai mwaka huohuo.

Babu alipofika hapo alikuwa akikiweka chini kikombe, akanyamaza, na mimi sikuthubutu kumuuliza zaidi.