Nilivyoinyamazisha laptopu yangu bila kununua chochote

Kila niliyemweleza kelele za laptopu yangu alikuwa na kitu cha kuninunulisha. Mmoja: ongeza RAM. Mwingine: nunua kipoza chenye feni cha kuweka chini yake. Fundi wa Kariakoo aliisikiliza kidogo tu, akasema, "Kaka, hii imechoka, tafuta nyingine."

Haijachoka. Ni ThinkPad T480 yenye prosesa ya i5-8250U, na vumbi nilishalipuliza, pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa nilishabadilisha. Feni yenyewe ilikuwa nzima.

Mimi hurekodi masomo ya sauti nyumbani, Tabata, madirisha yamefungwa, pangaboi limezimwa, jasho linanitiririka. Ukikuza mchoro wa sauti kwenye Audacity, programu ninayohariria sauti, pale ninapovuta pumzi kati ya sentensi panatakiwa kubaki mstari mwembamba. Kwangu palikuwa na mkanda mnene, na ukiucheza unasikia vuuu, feni. Nikiusafisha kwa programu, sauti yangu inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya kopo.

Kipoza niliazima kwa binamu yangu. Joto lilishuka kidogo, ila maikrofoni sasa ikawa inanasa feni tatu badala ya moja. Ushauri wa aina hii unaniudhi sana: watu wanahangaika na joto likishatoka, hawaulizi linatoka wapi.

Prosesa hii kasi yake ya msingi ni 1.6 GHz, lakini ikipata kazi inapanda hadi 3.4; kupanda huko ndiko kunaitwa turbo. Kupanda huko kunadai volti zaidi, na volti ikiongezeka umeme unaoliwa unaongezeka kwa kipeo cha pili. Ndiyo maana ukipunguza kasi kwa robo, joto linapungua kwa zaidi ya robo.

Kwanza nilijaribu kushusha volti peke yake kwa programu iitwayo ThrottleStop. Nikafungua sehemu ya FIVR, ya kurekebisha volti, nikakuta imefungwa kabisa. Sababu ni Plundervolt: Desemba 2019 watafiti walitangaza kwamba kwa kuchezea volti mtu anaweza kuvujisha siri zilizohifadhiwa ndani ya prosesa za Intel, na masasisho ya baiosi (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) yakauziba mlango huo. Wapo wanaokwambia urudishe baiosi ya zamani. Nilikataa. Siwezi kufungua tundu la usalama kwa ajili ya feni.

Nikaandika powercfg.cpl kwenye Run ya Windows, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa nikakitoa 100 nikaweka 99. Asilimia moja tu, na turbo yote inazimika! Feni ikatulia mara moja. Kurekodi kukawa raha, ila kuhariri video kukawa kunakera kwa kukawia. Nikarudisha 100.

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa katikati, nacho kipo, Windows imekificha tu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCFREQMAX 2400
powercfg /setactive scheme_current

Hapo prosesa haivuki 2.4 GHz. Joto lililokuwa likigusa nyuzi 90 na ushee sasa linazunguka 70 hata video ikiwa inatengenezwa, na mkanda ule kwenye Audacity umebaki uzi. Amri hii ni ya laptopu ikiwa kwenye chaja. Ya betri, andika setdcvalueindex. Ukitaka kasi yote irudi, weka 0 mahali pa 2400.