Nani Alikuambia Hili Ndilo Tatizo?

Jumapili, jioni.

Leo nimeshinda nyumbani. Mto umejaa, pikipiki haivuki, basi nikaona nipange kabati. Chini kabisa, chini ya kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, nimekuta daftari langu la mwaka 2004. Jalada limeliwa kingo na mende, lakini maandishi yanasomeka. Ukurasa wa kwanza kuna sentensi moja ya wino mwekundu: Nani alikuambia hili ndilo tatizo?

Nimelisoma swali hilo nikaketi nalo kitandani muda mrefu, kwa sababu ya jambo lililotokea Ijumaa.

Ijumaa nilikwenda kutembelea mashamba, ndiyo kazi yetu sisi maafisa ugani tunaowashauri wakulima, pamoja na kijana wa chuo aliyeletwa kwangu kwa mafunzo kwa vitendo. Ni kijana mzuri, msikivu, ana heshima, na kishikwambi chake hakimtoki mkononi. Tulifika kwa mama mmoja ambaye mahindi yake yameshambuliwa na viwavijeshi vamizi. Mama hajamaliza hata kutukaribisha, kijana ameshainama, amefunua jani, amemtambua mdudu, ametaja dawa, kipimo na siku za kurudia. Hakukosea hata kimoja. Mama akasema, "Asante mwanangu," kisha akanitazama mimi. Nayajua macho yale. Ni macho ya mtu aliyejibiwa swali ambalo hakuliuliza.

Tulipofika barabarani nikamuuliza kijana: kwenye ule moyo wa mhindi, katikati ya majani machanga, pale kiwavi anapojificha, uliona nini? Akasema aliona kinyesi cha kiwavi. Nikamwambia palikuwa na majivu. Mistari minne ya kwanza ilikuwa na majivu, na mingine haikuwa nayo. Yule mama ana jaribio lake shambani, tena limepangwa vizuri kuliko baadhi ya majaribio niliyoyaona kwenye vituo vya utafiti, na sisi tumeondoka bila kumuuliza limempa nini.

Kijana alinyamaza njia nzima. Simlaumu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka kumi na mbili.

Niliajiriwa mwaka 1990 na cheti changu cha kilimo, wakati serikali na Benki ya Dunia walikuwa wameanza kufufua huduma za ugani kwa mfumo wa Mafunzo na Ziara, ule uliobuniwa na mtaalamu Daniel Benor na kusambazwa kutoka Uturuki na India hadi kwetu. Kila baada ya wiki mbili tuliitwa kufundishwa ujumbe, kisha tukaupeleka kwa wakulima tuliowateua, nao wawafikishie wenzao. Mahindi ni sentimita 75 kwa 30. Palizi ya kwanza ni wiki ya pili hadi ya tatu. Nilikuwa na ratiba, nilikuwa na siku zangu za kila kitongoji, na ninasema kwa moyo wote kwamba mfumo ule ulinifundisha nidhamu ya kufika. Mkulima alijua Jumanne bibi shamba anakuja, na Jumanne nilikuja. Ila ujumbe ulishuka tu. Haukupanda. Sikumbuki hata siku moja ambapo tulikaa kwenye yale mafunzo ya wiki mbili tukaulizwa wakulima wamesema nini.

Fedha za mradi zilipokwisha katikati ya miaka ya 1990, ratiba nazo zikaisha. Muda si mrefu tukahamishwa kutoka mikononi mwa wizara kwenda halmashauri. Nia ya kumsogeza mtumishi karibu na wananchi ilikuwa njema na naiunga mkono hadi leo. Lakini tangu siku hiyo afisa ugani ana mabwana wawili: sera inatoka kwa mmoja, maelekezo ya kila siku kwa mwingine. Nimekaimu utendaji wa kata, nimesimamia ushuru wa mazao, nimeandikisha wapiga kura, nimehesabu madawati. Shamba lilisubiri.

Ndipo mwaka 2002, nikiwa na miaka 34 na watoto watatu, nikaruhusiwa kwenda masomoni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Programu ile ilikuwa ya watu kama mimi, maafisa wa katikati ya kazi wenye cheti au stashahada, ambao mlango wa chuo kikuu ulikuwa umeshafungwa kwao. Chanzo chake ni hadithi ninayoipenda. Baada ya njaa kubwa ya Ethiopia ya 1984, Mjapani Ryoichi Sasakawa alimwomba Norman Borlaug, mwanasayansi wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, aje kusaidia kilimo Afrika. Borlaug alikuwa amepita miaka 70 akajiona mzee mno. Inasimuliwa kwamba Sasakawa alimjibu kuwa yeye ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na mitano, kwa hiyo waanze kesho yake. Mwaka 1986, pamoja na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, wakaanzisha kazi yao ya mashamba ya mafunzo.

Kilichonigusa ni walichokiona baadaye. Mbegu zilikuwepo, mbolea ilikuwepo, na wakulima walikuwa tayari. Aliyesahauliwa ni yule anayesimama katikati. Afisa ugani wa Afrika alikuwa na cheti cha miaka ishirini nyuma na hakuna aliyefikiria kumsomesha tena. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Cape Coast, Ghana, kikafungua shahada kwa ajili yake, na kabla miaka ile ya 1990 haijaisha vyuo vingine vikafuata, pamoja na Makerere na Sokoine. Kwangu huo ndio uongozi. Wakuu wa vyuo vile walikubali kubadilisha masharti ya kuingia, wakakubali kukaa na wanafunzi wenye mvi wanaobishana na mhadhiri kwa sababu wameshayaona mambo kwa macho, na juu ya hayo wakakubali kwamba sehemu ya shahada itafanyika kijijini, mwanafunzi akiwa na wakulima kwa miezi, mhadhiri akimfuata huko.

Andiko langu la kwanza la mradi lilihusu kupanda mahindi kwa nafasi, kwa kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa nilichokifanyia kazi miaka mingi. Nililiandika usiku mmoja, maana nililijua lote kichwani. Mhadhiri alilisoma, akavua miwani, akaniuliza swali hilo la wino mwekundu. Nikasema wilaya ina mavuno madogo. Akasema hakuniuliza kuhusu wilaya. Akanirudisha kijijini.

Nikaenda, nikakaa na akina mama chini ya mwembe, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuwa na ujumbe mfukoni. Niliuliza tu mwaka wao unakwendaje. Bibi mmoja akasema, "Bibi shamba, sisi mahindi ya Julai hatuna shida nayo. Sisi hatuna mahindi ya Desemba." Wote wakaitikia. Mahindi yao yaliliwa na dumuzi, yule mdudu aliyeingia kutoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimpachika jina la Scania kwa namna anavyobomoa. Walihifadhi mahindi na magunzi yake juu ya jiko ili moshi uyalinde. Moshi ulitosha kwa wadudu wa zamani, lakini dumuzi anapenda gunzi. Anajishikiza humo na kusaga hadi ubaki unga.

Kumbe kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nafundisha kuongeza mahindi ambayo yangeliwa na Scania.

Tukaanza mradi wa kupukuchua mapema, kukausha, kuchanganya na dawa ya unga na kuhifadhi kwenye magunia. Wiki ya tatu mahudhurio yakapungua. Nikaandika daftarini, na naona aibu kulisoma, kwamba "mwitikio ni hafifu". Bibi yule yule akanivuta pembeni. Akasema zamani walipukuchua kidogo kidogo, debe la wiki. Mimi nimewaambia wapukuchue gunia kumi kwa mara moja, na wanaopukuchua ni wao wanawake, si waume zao. Vidole vimechubuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushauri sahihi una uzito wake, na uzito huo lazima ubebwe na mtu fulani. Tulikaa tena na wanaume wakiwepo. Wakakubaliana kupukuchua kwa zamu, kaya kwa kaya, vijana wapige kwa fimbo juu ya turubai na akina mama wapepete. Wazo hilo halikutoka chuoni wala kwangu. Desemba ile nilirudi na mhadhiri wangu, tukala ugali wa mahindi yao.

Ninapofikiria swali lile namkumbuka pia babu yangu mzaa mama, ambaye ardhi yake ya ukoo ilikuwa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru. Wakoloni walileta mpango wa kuhifadhi ardhi wa kulazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi milimani. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Ila matuta yale kwenye udongo ule yalifukua udongo mfu wa chini na kuuleta juu, mazao yakadumaa, na anayekataa kuchimba alipigwa faini. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa kwa pamoja, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Babu alisema hadi uzee wake kwamba wao hawakuikataa elimu, maana hawakuletewa elimu bali amri. Na chuo nilichosomea kiko chini ya milima hiyo hiyo. Kila asubuhi nikienda darasani niliitazama.

Sasa nchi imerudi kututazama sisi maafisa ugani, na ninashukuru. Aprili 2022 Rais Samia alizindua kule Dodoma ugawaji wa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa ugani, na mimi ni mmoja wa waliopata. Agosti mwaka huo ikaja mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashuka hadi shilingi 70,000, na sisi tukawa kwenye kazi ya kuandikisha wakulima. Bajeti ya wizara iliruka kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 750 mwaka uliofuata. Wakati huo sisi hatukufika 7,000 nchi nzima, ilhali waliohitajika walikuwa zaidi ya 20,000. Mtu asiyewahi kutembea kwa miguu vijiji vitano hawezi kujua pikipiki ni heshima ya namna gani. Siku niliyokabidhiwa yangu nililia.

Mafuta yake mara nyingi nanunua mwenyewe, nalo hilo naliandika hapa kwa sababu ni kweli na linaumiza, na kwa sababu pikipiki iliyosimama uani haimfikii mkulima yeyote.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Pikipiki inanifikisha kwa mama wa majivu kwa dakika ishirini. Nikifika, nafanya nini? Hilo ni jambo la elimu yetu, si la chombo. Vijana wanaotoka vyuoni leo wanajua mambo mengi kuliko nilivyojua mimi, lakini wengi wanapewa wiki chache tu za kijijini, na katika wiki hizo wanajazwa fomu. Naomba wenye dhamana ya mitaala wasiuache ule mpango wa mwanafunzi kukaa na wakulima miezi kadhaa upotee kwa sababu tu mfadhili ameondoka au usafiri wa wahadhiri ni ghali. Ni ghali kweli. Gharama ya kutokuwa nao niliilipa mimi kwa miaka kumi na mbili, na akina mama wa Kilosa waliilipa kila Desemba. Ningependa pia wakuu wa halmashauri wapimwe kwa siku ambazo afisa ugani ameonekana shambani, kama wanavyopimwa kwa mapato.

Viwavijeshi hawa wavamizi walipoingia nchini mwaka 2017, hakuna aliyekuwa na ujumbe. Wataalamu walikuwa wanajifunza, sisi tulikuwa tunajifunza, na wakulima walikuwa tayari wanajaribu mchanga, majivu, hata kuwaponda kwa vidole. Ule ulikuwa mwaka mgumu kuliko yote niliyofanya kazi, na bado ndio mwaka ambao nilijisikia afisa ugani kamili, maana sote tulisimama shambani tukitazama jani moja na kuulizana.

Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Daftari hili nilifikiri nimwachie binti yangu, ila yeye ni muuguzi, atalihifadhi tu kwa kunipenda. Nadhani nitampa yule kijana.

Amenipigia simu saa moja iliyopita. Sauti yake ilikuwa ya chini kidogo. Akauliza kama itakuwa vibaya akirudi kesho kwa yule mama peke yake, bila kishikwambi, amuulize kuhusu majivu. Upande ule hauna mto wa kuvuka. Nimemwambia aende, asalimie vizuri, aombe jembe akae naye kwenye palizi kwanza. Tena afike alfajiri, kwa sababu majivu yanawekwa umande ungali kwenye jani.